Shanga za Mwamba wa Nyuki

Ushanga ulipoanza kusomwa, mkono wa kulia wa Teodora Akonaay uliinuka wenyewe kutoka mezani, taratibu, kama mtu anayeamka ugenini na bado hajakumbuka amelala nyumba ya nani. Kidole gumba kikatafuta cha shahada, vikakutana, vikabana kitu ambacho hakikuwapo. Kisha kiganja kikaanza kuzungusha ncha ya jiwe isiyoonekana, huku na huku, huku na huku, na Teodora akauacha mkono uende utakako. Ukiushikilia, hupati kitu ila maumivu ya bega. Ukiuacha, dunia nyingine inaanza kukuingia polepole kupitia vidoleni.

Iliingia harufu ya moshi wa kuni mbichi. Likaingia jua la asubuhi mgongoni na, mbali kabisa huko chini, weupe wa ziwa la chumvi lililokauka nusu. Ganda la yai la mbuni lilikuwa gumu na jembamba kati ya vidole, lenye vijishimo kama ngozi ya mtu aliyesisimkwa na baridi. Jiwe likasaga, likasita, likasaga tena. Unga mweupe ukajaa kwenye kitundu, na mtu fulani akaupuliza. Teodora alijikuta amebinua midomo.

"Umekwisha," alisema Lukelo Mbilinyi kutoka upande wa pili wa meza.

Lukelo alikuwa fundi wa kisomeo. Yeye ndiye aliyeongoza ule mwanga mwembamba uliobandua ushanga tabaka baada ya tabaka, kila tabaka jembamba kuliko pumzi juu ya kioo, na kusoma kila mkwaruzo ulioachwa na jiwe la kutobolea: umeingia kwa pembe gani, umekandamizwa kwa nguvu kiasi gani, umesita wapi. Mikwaruzo iligeuzwa kuwa mwendo wa misuli, na mwendo ukaingia kwenye glavu laini aliyovaa Teodora mpaka kwenye kiwiko. Mwanga uliufuata mkono na mkono ukaufuata mwanga, kama watu wawili wanaozungumza, ndiyo maana usomaji haukuweza kurudiwa wala kuhamishiwa mkono wa mtu mwingine. Zilibaki takwimu tu, na takwimu hazitobolei mtu ushanga. Na kwa kuwa kisomeo hakikujua kusoma bila kubandua, kwenye kisahani lilibaki vumbi jeupe. Lukelo akalifagia kwa brashi ya manyoya, akalitia kwenye kichupa.

Ule moshi, lile jua na lile ziwa havikuwamo kwenye takwimu. Mafundi waliviita ukungu. Walieleza kwamba akili, ikipewa mkono isioujua, huutafutia mwili wa kuushikiza, na huo mwili huutafutia mahali pa kukaa. Hakuna mtaalamu aliyeandika ukungu kwenye ripoti yake. Hata hivyo, watu watatu waliosoma shanga za Mwamba wa Nyuki kwa nyakati mbalimbali, bila kuambiana, walisema waliona ziwa lilelile jeupe. Hakuna aliyejua la kufanya na jambo hilo, basi likaachwa.

Kituo chao cha utafiti kilikuwa juu ya mji wa Mbulu, kati ya mikaratusi, na asubuhi nyingi ukungu wa kweli uliingia madirishani na kukaa nao chumbani. Shanga zilikuwa zimetoka kwenye kaburi la mtoto, chini ya bonde, pale Mwamba wa Nyuki unapotazamana na Ziwa Eyasi. Teodora mwenyewe ndiye aliyeliinua bamba la jiwe lililomfunika. Alikuwa mtoto wa miaka sita au saba, amelazwa kwa ubavu, amekunja magoti, na shingoni alivaa kidani cha shanga ambazo uzi wake ulioza zamani sana lakini zenyewe zilibaki zimejipanga udongoni kama zilivyotungwa. Kwa kuwa zilijipanga hivyo, mpangilio wa kutengenezwa kwake ulijulikana. Zilizoanza zilikuwa za ovyo: kitundu kimekwenda upande, kingo zimemegeka. Kadiri zilivyoendelea zilinyooka, zikawa duara, zikasuguliwa kwenye mfereji wa jiwe kwa maji na mchanga mpaka zikateleza.

Siku hiyo Lukelo hakuondoka mezani. Alikuwa ameziweka takwimu za usomaji wote pamoja kwenye kioo, na alizitazama mpaka Teodora akamuuliza kama kuna hitilafu. Lukelo akasema alidhani ipo, ndiyo maana alinyamaza wiki nzima. Kwenye kila ushanga kulikuwa na misukumo miwili. Mmoja mdogo, wa chini, unaoyumba. Mwingine mkubwa, juu yake, unaosukuma kidogo kisha kutulia.

"Hapa panaposita jiwe," alisema, "si kwamba amechoka. Anamsubiri mwenzake. Anasukuma, anasubiri mkono wa chini ujibu, halafu anasukuma tena."

Teodora alitazama mistari ile miwili muda mrefu. Aliuona mkono mpana umefunika mkono wa mtoto, na kipande cha ganda kati yao. Kidani kile hakikutengenezwa kwa ajili ya mtoto. Alikitengeneza mwenyewe, akifundishwa. Naye Teodora, siku zote hizo alipodhani amevaa mkono wa fundi, alikuwa amevaa mkono wa mama.

* * *

Nyumbani, mama yake Teodora, Bi Emerensiana, alikuwa amekaa dirishani kama alivyokaa tangu kiharusi kimpate. Zamani alijulikana katika vijiji vyote vya pale juu kwa sketi za ngozi zilizonakshiwa shanga, zile wanawake wa Kiiraqw walizovaa siku kubwa. Watu walimtambua kwa kazi yake kabla hawajamwona uso. Sasa mkono wa kulia ulilala mapajani, umekunjika, na alikuwa na tabia ya kuusogeza kwa mkono wa kushoto kama mtu anayemhamisha paka aliyelala.

Madaktari walisema mkono wenyewe haujafa, ila njia ya kuufikia imesahaulika. Kulikuwa na watu waliopona kwa glavu. Lilikuwa jambo la kawaida siku hizo kuvaa mikono ya watu wa kale: mjini Babati mfinyanzi mmoja alifinyanga vyungu kwa ustadi uliotoka kwenye kigae, na vyungu vyake vilipendwa, na kigae kikawa kichupa cha vumbi. Bi Emerensiana naye aliwahi kupelekwa Babati. Walimsomea kipande cha chungu, mkono ukacheza glavuni kama nguo iliyoanikwa kwenye upepo, na glavu ilipovuliwa ukarudi kulala. Alisema hataki tena kuchezeshwa.

Teodora alimweleza habari za mikono miwili. Alidhani anaeleza tu habari ya kazini, lakini kabla hajafika mwisho sauti yake ilikuwa imebadilika, na mama yake akageuka kutoka dirishani.

"Huo mkono unasubiri?" aliuliza Bi Emerensiana.

"Unasubiri, Aayo," alijibu Teodora, akimwita mama kwa Kiiraqw.

"Basi nipeleke kwa huo."

* * *

Miaka ya mwanzo ya kisomeo, watu walisoma kila kitu. Walisoma vigae, mishale, vinyago, vikapu vilivyohifadhiwa na ukame wa mapango, mpaka makumbusho yakabaki na rafu za vichupa. Ndipo ikaja sheria ya nusu: kila kitu kinachofukuliwa, nusu yake isiguswe na mwanga, ibaki kwa watakaozaliwa baadaye, ambao huenda watakuwa na mashine isiyobandua. Nusu ya kidani iliyoruhusiwa ilikuwa bado haijaisha, na Mkurugenzi Sikujua Mkwizu, aliyesimamia kituo, alikubali shanga zilizobaki katika nusu hiyo asomewe Bi Emerensiana. Aliona ni utafiti halali. Alitaka tu aarifiwe matokeo.

Walimkalisha Bi Emerensiana kwenye kiti chenye mto, wakamvisha glavu. Lukelo akaweka ushanga kwenye kisahani na kushusha mwanga. Kwa muda hakikutokea kitu. Kisha mabega ya mama yakashuka, na uso wake ukalegea kama wa mtu anayeingizwa kwenye maji ya uvuguvugu. Glavu ilikandamiza mgongo wa mkono wake, kidogo, ikatulia. Ikakandamiza, ikatulia. Na pale ilipotulia, kidole cha shahada cha Bi Emerensiana, kilicholala tangu mvua za mwaka wa juzi, kikasogea.

Mwanga ukazimwa. Halafu aliuliza kwa nini wamemtoa, kwa sababu yule mwanamke alikuwa bado hajamaliza kumwambia. Teodora akamuuliza amwambie nini. Bi Emerensiana alifikiri, akasema hakumwambia kwa maneno.

Kila ushanga uliacha kitu mkononi mwake. Wiki zile zilipita kwa namna ambayo Teodora hakuweza baadaye kuzipanga vizuri kichwani. Ukungu wa nje na ukungu wa ndani vilichanganyika. Mama yake alizungumzia ziwa jeupe kama anavyozungumzia shamba la jirani. Alijua kwamba ganda hutobolewa kwanza, likiwa bado kipande chenye pembe, kwa sababu ukilizungusha kwanza ukalitoboa baadaye litapasuka na kazi yako yote itapotea. Alijua kuung'ata ukingo kwa jiwe dogo, kidogo kidogo, kama panya. Na mkono wake ulijifunza kufumba. Alishika kikombe. Alishika mkono wa Teodora siku moja wakitoka kituoni, na Teodora akatembea naye hivyo mpaka nyumbani.

Lakini haukuweza kufumbua. Ukishika, uliendelea kushika mpaka mkono wa kushoto uje uukunjue, kidole kwa kidole. Kila ulichokifanya mkono ule kilikuwa ni kujibu. Ukisukumwa ulijibu. Usiposukumwa ulingoja, na ungengoja mpaka kiama. Na nusu iliyoruhusiwa ikaisha.

* * *

Bi Emerensiana ndiye aliyelisema kwanza. Walikuwa jikoni, mchana, Teodora anachambua mboga. Alisema anajua kuwa zimebaki shanga nyingine.

Teodora akamweleza sheria. Akamweleza kwamba zile ndizo za mwisho kutengenezwa, na kwamba Lukelo, alipozitazama kwa darubini ya kawaida bila kuzibandua, aliona juu yake alama za mkono mmoja tu. Ule mkubwa. Hakuhitaji kufafanua zaidi. Mtoto alikuwa ameacha kutoboa shanga, na mtu akamalizia kidani peke yake ili azikwe nacho. Teodora akasema zile si za kujifunzia. Ni za msiba, na msiba ule ulikuwa na mwenyewe.

Mama yake alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa dini, mpole, ambaye Teodora hakumbuki amewahi kumsikia akidai kitu chochote kwa ajili yake mwenyewe.

"Yule mama amekwisha kufa, Teodora," alisema. "Mimi bado."

Maneno hayo yalimkaa Teodora rohoni siku nyingi. Alijaribu kuyajibu akiwa njiani, akiwa kazini, akiwa ameinama juu ya trei ambamo shanga za mwisho zililala kwenye pamba, nyeupe, kamilifu, zikiwa ndicho kitu pekee duniani kilichobaki cha watu wawili. Aliwaza watakaozaliwa. Aliwawazia kwa heshima, kama watu, wakiwa na mashine yao isiyobandua, wakikisoma kidani mara mia bila kukipunguza, na wakijua kuhusu yule mwanamke mambo ambayo yeye hataweza kuyajua. Halafu alimwona mama yake akikunjua vidole vyake vya kulia kutoka kwenye kijiko, kimoja kimoja.

Alipomwambia Lukelo kwamba atamsomea mama yake shanga zile, Lukelo hakukasirika. Hilo lilimuumiza zaidi. Alisema kila aliyevunja sheria ile alikuwa na mama, au mtoto, au jambo jema mkononi, na vichupa vyote vile kwenye rafu vilianza na jambo jema. Isitoshe, hakuna aliyejua kama mkono unaofanya kazi peke yake utamfaa mtu anayehitaji kusubiriwa. Huenda zitateketea zote na Bi Emerensiana asipate hata kidole.

"Najua," alisema Teodora.

"Na bado utafanya."

"Nitafanya. Nikimaliza nitakwenda kwa mkurugenzi mwenyewe. Sitaki uwepo."

Lukelo akatazama kisomeo, akatazama nje kwenye mikaratusi. Akasema mashine ile akiiendesha mtu asiyeijua itazichoma shanga zote bila kusoma hata moja, na hilo hangelivumilia. Akaenda kunawa mikono.

* * *

Zilisomwa katika kikao kimoja, kwa sababu wote watatu walijua kwamba wakiahirisha hawatarudi.

Ushanga wa kwanza ulipita, na mkono wa Bi Emerensiana ulitikiswa tu kama wakati ule wa Babati. Wa pili vilevile. Mkono wa kale ulifanya kazi haraka, kwa ustadi mkubwa, bila kusita popote. Haukuwa na mtu wa kumsubiri. Bi Emerensiana alikuwa amefumba macho na paji la uso limekunjamana, na mara moja alisema kwa sauti ndogo kwamba leo hakuna jua. Lukelo aliendelea kufagia vumbi bila kuinua uso. Teodora alisimama nyuma ya kiti cha mama yake, na moyoni alikuwa ameanza kuelewa kosa alilolifanya, na kwamba sasa hakuna namna ya kulirudisha.

Ulibaki mmoja. Mwanga ukashuka. Mkono wa kale ukazungusha, ukazungusha, na katikati ya kitundu ukasimama.

Lukelo alidhani mashine imekwama. Akasogelea kioo. Haikuwa imekwama. Mwanga ulikuwa ukisoma vizuri, na alichosoma ni jiwe lililotulia ndani ya ganda. Mkono ulikuwa umesahau. Ulikuwa umesukuma, kwa mazoea, msukumo ule mdogo wa zamani, kisha ukatulia pale ulipozoea kutulia, ukamsubiri mtoto ajibu.

Chini yake hapakuwa na alama yoyote. Glavu haikuwa na cha kumpa Bi Emerensiana. Ukungu ulikaa madirishani, na mahali fulani kando ya ziwa jeupe mwanamke alikuwa ameshika ganda la yai akingoja.

Mkono wa Bi Emerensiana ukajibu.

Haukusukumwa na kitu. Lukelo alilithibitisha baadaye kwenye takwimu, akazipitia mara nyingi, kwa sababu hakuamini. Mkono uligeuka wenyewe kwenye kifundo, ukasukuma, ukazunguka, na mkono wa kale juu yake ukaendelea, kama vile umesikia. Machozi yalikuwa yakimtiririka Bi Emerensiana mpaka kidevuni, na alikuwa akisema neno moja la Kiiraqw, polepole, lile ambalo mama humwambia mtoto anayelia usingizini, kwamba nipo, nipo hapa. Mwanga ulipozimika, vidole vyake vilifumbuka kimoja baada ya kingine, hadi kiganja chote kikawa wazi.

Kwenye kisahani lilikuwapo vumbi. Lukelo hakulifagia.

* * *

Mkurugenzi Mkwizu alimsikiliza Teodora mpaka mwisho, akamuuliza kama mama anaendelea vizuri, na akafurahi kwa dhati kusikia kwamba anaendelea vizuri. Kisha akamwachisha kazi. Alisema angekuwa yeye pengine angefanya hivyohivyo, na angestahili kufukuzwa hivyohivyo. Jina la Teodora liliondolewa kwenye uchimbaji wote. Lukelo alibaki, kwa sharti kwamba asiiguse mashine mwaka mzima, na alionekana kama mtu aliyepewa alichokuwa anakihitaji.

Kaburi la Mwamba wa Nyuki lilifunikwa tena kwa bamba lake. Mtoto yumo, hana kidani. Teodora aliomba aende siku ya kulifunika na akakataliwa, na aliona ni sawa. Alijaribu kujiambia kwamba yule mwanamke angekubali. Alijaribu pia kujiambia kwamba wafu hawaulizwi. Maneno yote mawili yalikuwa mepesi mno, hayakukaa.

Mkono wa Bi Emerensiana haukurudi kuwa ule wa zamani. Alijaribu kushona ngozi, akaiweka kando. Badala yake alimtuma Teodora kwenye ranchi ya mbuni upande wa chini amletee maganda, akamtafutia jiwe lenye mfereji, akamwambia akae.

Teodora alikuwa amepelekwa shule ya bweni akiwa mdogo, na shanga hakufundishwa. Kitu alichokijua kuhusu kutoboa ganda alikijua kwa glavu, na bila glavu vidole vyake vilikuwa vizito kama vya mtu mwingine. Walikaa ubarazani, asubuhi, jua limeshaanza kuupasua ukungu. Mama yake akauweka mkono wa kulia juu ya wake. Ulikuwa na joto, mkavu, na mwepesi kuliko alivyotarajia.

Mkono ukasukuma kidogo. Ukatulia.

Teodora hakujua afanye nini. Alitazama kitundu ambacho hakijaanza, unga mweupe kidogo kwenye ukucha, mshipa wa buluu kwenye mkono wa mama yake. Mama hakumhimiza. Alikuwa akitazama mbali, kuelekea bondeni, na hakuonekana kuwa na haraka yoyote. Ng'ombe walipita barabarani, vumbi lao likatulia. Mkono uliendelea kusubiri.

Teodora akazungusha jiwe.